Kikombe cha Nyumba ya Tisa

Machi 10, Jumapili

Khitam alinipa daftari hili jana nikifunga begi. "Andika humo," akasema, "maana mimi hunisemeshi." Mke wangu akitaka kukuchoma hahitaji sindano.

Basi naandika. Mimi ni Kapteni Dhaifallah, baba yake Tayil, miaka hamsini na mmoja, magoti mabovu, miaka ishirini na minane ya upolisi. Nimeletwa huku jangwani kuwafunza wakufunzi kumi na wawili namna ya kupiga doria bila kuchokoza watu, na namna ya kumpoza mwenye hasira mpaka aweke silaha chini bila yeyote kuumia. Wakimaliza, kila mmoja atarudi kwao kufundisha askari wengine. Kozi ni ya siku hamsini na kitu, sawa na upepo wa vumbi wa khamsini, na upepo nao umeanza leo leo kama uliojiandikisha.

Mazoezi tunafanyia katika kijiji kisicho na watu tunachokiita Khirba. Wenyewe walihama kisima kilipokauka, sisi tukapaka namba nyekundu milangoni. Nyumba nane ni zao. Ya tisa tumeijenga sisi, kwa kufuata mchoro wangu.

Kitabu cha kozi kina masomo kumi. Somo la nne ni kisa cha Jad'an, mtu aliyejifungia ndani na bunduki kule Rujm miaka kumi na miwili iliyopita. Mimi ndiye niliyeongea naye mlangoni, na nyumba ya tisa ni mfano wa nyumba yake. Kisa kimetolewa kwenye ripoti niliyoitia sahihi. Ripoti ile ni ya uongo.

Haya, nimeliandika na dari haijaanguka.

Machi 11

Nimejikata nikinyoa. Shavu la kulia, karibu na mdomo.

Machi 13

Somo la leo lilikuwa mlango. Kitabu, ambacho kilitafsiriwa kutoka nchi za watu, kinataka askari asimame kando, mikono ionekane, macho yawe ndani ya nyumba. Sajenti Nuwair akanyoosha mkono. Huyu ni Mbedui wa kusini, mrefu, mwenye mdomo usio na kufuli.

"Afande, macho ndani ya nyumba ya nani?"

"Ya huyo unayemgongea."

"Na mkewe akiwa kichwa wazi? Mimi mtu akinikodolea macho mpaka jikoni, hasira zangu zitapoa au ndiyo zitachemka?"

Darasa zima likacheka. Nikawaonyesha tunavyofanya sisi: gonga, rudi hatua mbili, geuza bega, tazama njia. Mikono ya mwenye nyumba ataiangalia mwenzako aliye nyuma. Luteni Rudaina, binti wa Amman anayeandika kila kitu hata nikikohoa, akauliza, "Kifungu hicho tukifute, afande, au tuandike pembeni?"

"Futa. Kisicho kweli kinafutwa."

Nililisema hilo kwa kinywa changu mwenyewe.

Machi 17

Zoezi la kwanza Khirba. Raia wa kuigiza ni watu tunaowakodi, na mkubwa wao ni Abu Shihada, dereva mstaafu wa malori anayependa maigizo kuliko chakula. Leo alipangiwa nyumba ya sita, awe mume aliyegombana na shemeji zake. Rudaina ndiye wa kwenda kumpoza, Nuwair amlinde kwa nyuma. Saa sita mchana vumbi lilikuwa limelifanya jua kuwa la njano, vivuli hamna, na namba milangoni zilionekana kwa shida. Rudaina akagonga ya tisa.

Nilikuwa mwisho wa njia, kwa hiyo nilimwona mgongo tu. Alikaa robo saa. Akarudi uso umemchangamka.

"Amekubali kutoka, afande! Sikumkatiza hata mara moja. Akanipa na kahawa."

"Ukaifanyaje?" Nuwair akamuuliza.

"Nikanywa. Ningemwaga?"

Nuwair akajipiga kofi la paji la uso. "Jamani watu wa Amman! Dada yangu, ukienda kwa mtu na haja yako, kikombe unakiweka chini mbele yako. Hukigusi. Mwenye nyumba atakuuliza una nini, nawe utasema. Akikwambia kunywa, umeshapewa ulichokijia. Ukinywa kabla ya hapo, wewe umekuja kunywa kahawa tu. Mtuhumiwa wako saa hizi amelala huko ndani, anakoroma."

Wakamcheka, na yeye akajicheka, akaandika. Mimi nilikuwa namtazama Abu Shihada, aliyekuwa anatoka nyumba ya sita akijipangusa vumbi kwenye ndevu.

"Mmeniacha nagombana na kuta tangu saa tano! Huyo binti mmemficha wapi?"

"Nani alikuwa ya tisa?" nikamuuliza.

"Ya tisa? Haina mtu, afande. Si ufunguo unakaa na wewe?"

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nuwair akasema yeye aliuona mlango ukifunguka upana wa kiganja, basi. Rudaina akadhani tunamtania. Akanusa vidole vyake, akaninyooshea ninuse. Vilinukia kahawa ya iliki.

Machi 18

Nimejikata tena. Pale pale.

Machi 22, Ijumaa

Nyumbani. Khitam ameona plasta. "Unanyoa na nini siku hizi, panga?" Nikamwambia wembe ni butu. Akaninunulia mpya, na hatukuongea zaidi.

Machi 24

Wembe mpya. Pale pale.

Machi 27

Leo nimeifungua ya tisa mchana mweupe, wao wakiwa kwenye doria ya kijiji, wawili wawili, kila mmoja upande wake wa njia, wanaitikiana salamu na nyumba zisizo na watu. Nilikuwa nawasikia kwa mbali nikapata moyo.

Ndani ni chumba kimoja, kama nilivyochora: dirisha dogo mashariki, kizingiti cha jiwe, sakafu ya saruji. Kwenye ukuta wa kaskazini kulikuwa na shubaka. Sikuwahi kuchora shubaka. Nikatoa mchoro kwenye faili nikalinganisha, shubaka halimo. Fundi nilimpigia simu akaapa kwa watoto wake kwamba ukuta ule aliujenga mzima.

Ila kule Rujm lilikuwepo. Jad'an aliweka dele lake la kahawa humo. Nilikuwa nimelisahau mpaka nilipoliona.

Nikatia mkono ndani. Jiwe lilikuwa na joto, kama mahali palipoondolewa kitu cha moto sasa hivi. Nikatoka, nikafunga, nikarudi kuhakikisha nimefunga. Nimeogopa, na sitafuti neno jingine lililo zuri zaidi.

Machi 30

Vumbi. Kuku na wali. Pale pale.

Aprili 3

Somo la nne.

Nimelifundisha. Nilisimama mbele ya watu kumi na wawili wenye kalamu mkononi nikasoma: Jad'an alifyatua risasi hewani katika ugomvi wa kisima na binamu zake, akajifungia ndani. Afisa aliongea naye kwa muda wa saa moja. Hakupewa ahadi yoyote. Alitoka ghafla akielekeza bunduki kwa askari, akapigwa risasi, akafa. Funzo: kuna watu wasiopozeka. Mama yake aliyekuwa ndani alitoa maelezo tofauti, lakini hayakuaminika kwa sababu ya uchungu wa kufiwa.

Rudaina aliandika yote. Nuwair hakuandika.

"Afande, saa nzima mlangoni kwa mtu wa Rujm, hakukupa kahawa?"

"Hakunipa."

"Hata kikombe kimoja?"

"Nimesema hakunipa, Sajenti."

"Mh." Akakunja mikono. "Mtu wa Rujm hata mdai akija kumchukulia ngamia wake atapewa kahawa kwanza. Huyo Jad'an wako hakuwa na mama?"

Nikamwambia afunge mdomo. Mimi, mwalimu wa kutuliza hasira, nilimfokea mwanafunzi mpaka mate yakaruka, na plasta ikabanduka shavuni. Damu ikadondokea kitabu, kwenye ukurasa huo huo. Hakuna aliyecheka.

Aprili 4

Nimemwomba Nuwair radhi. Akasema, "Yamekwisha, afande." Lakini alikuwa anaangalia shavu langu.

Aprili 10

Niandike yote, maana nikiacha leo sitaandika tena.

Zamu ya Nuwair. Nilimpangia nyumba ya pili kwa makusudi, mwisho mwingine wa kijiji. Rudaina akawa mlinzi wake. Upepo ulivuma kwa nguvu saa tano na nusu hivi, tukawapoteza kwenye vumbi, na vumbi lilipotulia Nuwair alikuwa amekaa chini mbele ya ya tisa, bega limeelekea mlango. Rudaina alikuwa hatua kumi nyuma, kalamu mdomoni, hajui kwa nini wamefika pale. Alisema walihesabu milango wote wawili na huu ulikuwa wa pili.

Nikakimbia na magoti yangu haya. Nilipofika Nuwair alikuwa amesimama. Huyu bwana wa utani rangi yake ilikuwa ya majivu.

"Mle ndani kuna nani, afande?"

"Wewe umemwona nani?"

"Sikumwona. Niligeuza bega ulivyotufunza. Nimeona mkono. Kidole gumba kimefungwa kitambaa, kipande cha kilemba cha miraba myekundu. Akanipa kikombe, nikakiweka chini. Akaniuliza, una haja gani? Nikamwambia, haja yangu utoke salama. Akasema..." Hapo akanigeukia. "Akasema, 'Alinijia mwenzako na haja hiyo hiyo, nikamwambia kunywa. Muulize nilitoka usoni mwa nani.'"

Rudaina akauliza, "Usoni mwa nani maana yake nini?"

Nuwair alimjibu polepole, macho kwangu. "Mtu akitoka usoni mwako, Luteni, yuko chini ya heshima yako. Atakayemgusa amekukata uso. Na uso ukikatwa, mwenye uso ndiye wa kusimama mbele za watu adai haki. Akinyamaza, hana uso tena mpaka anakufa."

Kwenye kizingiti palikuwa na alama ya duara, yenye unyevu, ukubwa wa kitako cha kikombe. Ilikauka tukiwa tunaitazama. Mlango ulikuwa umefungwa, na ufunguo mfukoni mwangu. Ile habari ya kidole gumba sijapata kuiandika popote wala kumwambia mtu.

Haya ndiyo ya kweli. Jad'an alijikata kidole na mnyororo wa kisima, mama yake akakifunga na kipande cha kilemba. Alinipa kahawa kwa mkono huo kupitia upenyo wa mlango. Nikakiweka kikombe chini. Nikamwambia, toka, bunduki juu ya viganja, nitakupeleka mwenyewe kwa hakimu. Akasema, "Nikitoka, niko usoni mwako?" Nikasema, uko usoni mwangu. Akasema, "Kunywa." Nikanywa. Mama yake, Hajja Wadha, alikuwa nyuma yake akatusikia wote wawili.

Akatoka nyuma yangu, bunduki kailaza juu ya viganja kama mtu aliyebeba mtoto. Meja Mamduh, mkubwa wetu siku ile, alikuwa amechoka kungoja kwenye jua kali. Akashusha mkono, askari wakafyatua. Risasi zilipita karibu na shavu langu la kulia, nikasikia joto lake.

Jioni Mamduh aliniletea karatasi. "Tia sahihi, Abu Tayil. Una mtoto mdogo." Nikatia. Leo Mamduh ni Kanali, mkuu wa chuo hiki, na yeye ndiye aliyetaka kisa kiwe somo la nne.

Aprili 11

Pale pale.

Aprili 14

Kanali kaniita. Ofisi yake ina kiyoyozi cha kugandisha maji. Kanikaribisha chai, si kahawa, na nikashukuru kimoyomoyo.

"Nasikia watu wako wanaona majini," akaanza, anacheka. "Upepo huu, Abu Tayil. Kila mwaka mtu mmoja lazima achizike."

"Afande, somo la nne naomba tulitoe."

Kicheko kikaisha. "Kwa nini?"

"Unajua kwa nini."

Akajiegemeza. "Mwezi wa sita unastaafu. Kiinua mgongo, heshima yako, kijana wako chuoni. Tarehe mosi Mei wageni wanakuja kutazama, na wewe ndiye utaonyesha zoezi la ya tisa, kama lilivyo kitabuni. Wewe mwenyewe. Ukishalionyesha mbele ya watu, kichwa chako kitatulia." Akanisogezea sahani ya tende. "Chukua, ndugu yangu. Shavu hilo kamwone daktari."

Nilichukua tende. Ndiyo, nilichukua, nikala, nikamwambia ahsante. Nilijichukia mpaka bwenini.

Aprili 18

Wanne zaidi. Kila mmoja alipangiwa mlango mwingine akajikuta ya tisa. Hakuna aliyeingia. Wote kidole gumba, wote swali lile lile. Nawapangia, naandika namba kwa rangi mpya, nawasindikiza, na bado.

Aprili 21

Abu Shihada amekataa kuingia nyumba yoyote. "Nimeigiza wezi, walevi, na mkwe wangu mwenyewe," kasema, "lakini pale ndani, afande, mwenye nafasi hiyo yupo."

Aprili 22

Kumi sasa. Darasani wananiitikia "ndiyo afande" kwa adabu iliyozidi. Mwanzoni niliona vijana wa kufinyangwa. Sasa naona watu kumi na wawili wananisubiri, na wanasubiri kwa upole, namna ile ile niliyowafunza: usimkatize, usimzibie njia, mwache afike mwenyewe.

Aprili 25

Kumi na wawili.

Aprili 27

Daktari wa chuo amenishona nyuzi mbili. Asubuhi zilikuwa juu ya mto, zimefunguka vizuri, hazikukatika.

Mei 1

Wageni walikuja saa nne. Walipangiwa viti chini ya turubai mbele ya ya tisa, Kanali katikati, maji ya chupa kila kiti. Wanafunzi wangu walisimama pembeni kwenye mstari. Upepo ulikatika ghafla, vumbi likabaki limening'inia, haliendi wala halishuki, na kila kitu kikawa cha njano. Abu Shihada, ambaye kwa ratiba ndiye angekuwa ndani, alikuwa amekaa chini nyuma ya viti, kajifunika kilemba. Nilimwona kwa macho yangu.

Nikagonga. Nikarudi hatua mbili, nikageuza bega.

Mlango ukafunguka upana wa kiganja. Harufu ya iliki ikatoka kwanza. Kisha mkono, na gumba lililofungwa kitambaa cha miraba myekundu, na kikombe. Nilikipokea. Kilikuwa cha moto kiasi cha kuunguza. Nikachuchumaa, magoti yakalia, nikakiweka juu ya kizingiti.

"Una haja gani, Dhaifallah?"

Hakuniita afande. Na sauti ilikuwa yake, ya kukwaruza kidogo, ya mtu anayevuta tumbaku ya majani. Nikapiga moyo konde, nikasimama, nikawageukia wageni.

"Mimi ni Dhaifallah," nikasema, kwa sauti ya gwaride ili hata wa mwisho asikie. "Kitabuni imeandikwa mtu huyu hakupewa ahadi. Nilimpa. Nilikunywa kahawa yake, akatoka usoni mwangu, bunduki juu ya viganja, na akapigwa nyuma yangu kwa ishara ya Meja Mamduh, huyu hapa. Uso wangu ulikatwa nikanyamaza. Nikatia sahihi kwamba mama yake ni mwongo. Mama yake alisema kweli kila neno. Haja yangu ni radhi, na uongo ule ufutwe."

Kanali alikuwa amesimama, mdomo wazi, chupa ya maji inamwagikia kiatu.

Nyuma yangu ile sauti ikasema, taratibu, bila hasira, "Haja hiyo haiko kwangu. Iko kwa mama."

Nilipogeuka mlango ulikuwa umefungwa. Kizingitini palikuwa na duara la unyevu, linakauka.

Mei 2

Nimesimamishwa kazi. Kanali alinipa barua bila kunitazama. Nimeandika maelezo mapya, kurasa sita, nimeyatia sahihi, nimeyapeleka mwenyewe kwa mwendesha mashtaka, na nakala aliichukua mmoja wa wageni, mwanamke wa wizarani ambaye jana hakuacha kunitazama.

Nilikuwa nafunga begi walipokuja wote kumi na wawili bwenini. Rudaina alikuwa mbele, kitabu kifuani.

"Somo la nne, afande. Tufute, au tuandike pembeni?"

"Futeni. Mliandike upya kama mlivyosikia."

"Tumeshafuta," akasema. "Nilitaka tu utwambie wewe."

Nuwair akaniuliza nakwenda Rujm lini. Nikasema keshokutwa, peke yangu. Akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile. "Peke yako? Mtu anakwenda kuomba radhi ya damu peke yake kama anayekwenda kununua nyanya? Tutakuja na wewe. Na Luteni atakuja pia, ila leo tumfundishe asinywe."

Nimempigia Khitam, nikamwambia yote, mwanzo mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nilijua, Abu Tayil. Miaka kumi na miwili unaongea usingizini. Nilikuwa nangoja uniambie ukiwa macho."

Mei 4

Rujm. Nyumba ile ile, rangi tu imebadilika. Dirisha la mashariki, kizingiti cha jiwe, shubaka kwenye ukuta wa kaskazini. Watoto wa ndugu zake Jad'an walitufungulia, wakatukalisha kwenye mikeka, hawakutupa mkono. Hajja Wadha aliletwa na kiti chake. Amekuwa mdogo sana. Macho ni yale yale.

Kahawa ikamiminwa, na kikombe cha kwanza kikaja kwangu. Nikakiweka chini mbele yangu. Ilikuwa saa nne kamili, niliangalia. Rudaina, nyuma yangu, mikono kaikunja mapajani, hata pumzi anaivuta kwa hesabu.

Hajja hakuuliza haja yangu. Alikaa tu. Wale vijana walikaa. Tukasikia nzi, tukasikia pampu ya maji mahali fulani, ikazimwa. Nimewafundisha watu miaka mingi kwamba ukimya si wa kujazwa maneno, na leo nilijua nilikuwa nafundisha kitu nisichokijua. Kivuli cha dirisha kilitoka ukutani kikavuka mkeka wote. Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa ikamalizika.

Ndipo akasema, "Uso wako unatoka damu."

"Unatoka tangu Machi, mama."

"Tangu Machi tu?"

Nikainamisha kichwa. Akauliza, "Una haja gani?"

Nikamwambia. Nililia, na sioni aibu kuandika. Nikamwambia alisema kweli, kila neno, na nimeliandika hilo kwa sahihi yangu, na nimelisema mbele ya watu, na nikiitwa mahakamani nitalisema tena, nao wanifunge pamoja na Mamduh wakitaka. Mmoja wa vijana alisimama kwa hasira akitaka kunijia. Nuwair hakumzuia. Aligeuza bega tu, akakaa, mikono wazi magotini, na yule kijana baada ya muda naye akakaa.

"Miaka kumi na miwili," Hajja akasema, "nikipita sokoni wanasema, yule mama aliyemsingizia polisi. Msikitini wananipisha kama kichaa. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwapo, mama."

"Ndiyo. Ulikuwapo." Akavuta shali yake. "Mimi sijakusamehe. Sijui kama nitaweza, usinisubiri. Lakini mwanangu alikwambia kunywa, mimi nikiwa nyuma yake, nimesikia. Neno la Jad'an sitalivunja mimi. Kunywa."

Kile kikombe kilikuwa pale tangu saa nne. Nikakinyanyua kwa mikono miwili, nikanywa. Kahawa ilikuwa ya moto.